Chai ya Marehemu Ngatia

Wiki nzima mmeuliza kama Muriithi amekufa.

Hajafa.

Ngazi ndiyo iliyokufa. Ile ngazi ya mbao aliyoingia nayo kwenye handaki la feni ililiwa badala yake. Feni ya mwisho ilipowaka yenyewe, mapanga yake yaliidaka ngazi kwanza, yakaitafuna, yakaitema vipande. Muriithi akatokea mlangoni akitambaa kwa viwiko, damu begani, macho yamemtoka, na neno moja tu mdomoni.

"Amekohoa."

"Nani?" aliuliza Wachuka. Alikuwa bado amekandamiza kitufe chekundu kwa viganja vyote viwili, ingawa feni ilikuwa imeshanyamaza.

"Ngatia. Amekohoa hapo ndani, karibu na sikio yangu. Halafu feni ikaanza."

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukaa nasi, pokea haya upesi. Hiki ni kiwanda cha chai cha Rurumi, juu ya mji mdogo wa Wamagana, kule Nyeri, mahali ambapo ukungu huingia madirishani bila kubisha. Ghorofani kuna vitanda virefu vya waya. Majani mabichi hutandazwa juu yake, na chini ya kila kitanda kuna handaki jeusi lenye feni kubwa, inayopuliza upepo mpaka majani yanyauke. Msimu wa mvua uliopita fundi Ngatia aliingia kwenye handaki la feni ya mwisho kukaza bolti. Feni ikawaka akiwa ndani.

Yeye hakuwa na ngazi.

Na Wachuka? Wachuka ni binti wa Tetu mwenye digrii ya biashara. Aliizungusha digrii hiyo Nyeri, Karatina na Nanyuki hadi viatu vikatoboka, hakuna aliyeitaka. Akaenda chuo cha ufundi akasomea umeme, na sasa anamshikia Muriithi tochi. Pale kiwandani hakuna anayemwita Wachuka. Wanamwita Bikomu, yaani B.Com, kwa ile digrii yake.

Haya, twende.

Mwai alipanda ngazi za ghorofani mbio. Mwai ni msimamizi wa zamu, mrefu, mkavu, mzee wa kanisa. Alimtazama Muriithi pale sakafuni, akaitazama damu, kisha akaitazama mikono ya Wachuka.

"Wewe ndiye ulikuwa hapa?"

"Ndio."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Lakini mimi nilikuwa nazima. Niliona imewaka nikarukia batani ya kuzima."

"Kabura!" Mwai alipaza sauti. "Si wewe ulikuwa kitanda ya pili kutoka hapa? Uliona nini?"

Kabura ni mama wa makamo, mtandaza majani wa miaka mingi. Alijifuta mikono kwenye aproni. Hakupenda kusema. Alisema.

"Niliona mkono yake iko kwa batani. Hiyo nyingine sijui."

"Basi," Mwai alisema. "Inatosha."

"Mzee, inatosha nini?" Wachuka aliuliza. "Mkono wangu ulikuwa kwa batani nyekundu!"

"Batani nyekundu na ya kijani zimepandana kama meno. Umekosea ukabonyeza ile ingine, halafu ukakimbilia hii. Kila siku nasema, hii kazi si ya watu wa kuvaa joho. Fundi karibu akatwe vipande kwa sababu ya digrii ya kuuza sabuni!"

Watu walikuwa wamekusanyika. Hakuna aliyecheka. Anita, mdogo wao wote na mwenye mdomo kuliko wote, alikuwa amejifunika huo mdomo kwa aproni.

"Meneja ameenda mkutano Nyeri," Mwai aliendelea. "Akirudi, atakukuta langoni na vitu zako. Na polisi wakitaka kuongea na wewe, hiyo ni maneno yako na wao."

Muriithi aliinua kichwa. "Si yeye, Mwai. Nakuambia ni Ngatia."

"Nyamaza. Hakuna maiti inawasha feni. Hayo mambo ya mizimu nimewakataza hapa."

Wakamwinua Muriithi, wakampeleka kliniki. Damu yake ikabaki kwenye saruji, na upepo wa feni nyingine ukaanza kuikausha.

Sasa fikiria. Kazi ikienda, inaenda na jina. Nani Nyeri nzima atampa testa ya kupimia umeme msichana aliyemwashia feni fundi wake? Umeme utamfukuza kama biashara ilivyomfukuza. Na kule nyumbani Tetu, wale waliosema kwamba binti huyu amesoma bure, watapata la kusema mpaka uzee wao.

Wachuka alimkimbilia Mwai kwenye ngazi.

"Mzee, nipe mpaka meneja arudi. Wacha nitafute shida iko wapi."

"Mafundi wa Nairobi walifungua hiyo mota baada ya Ngatia kufa. Waliichukua nati kwa nati. Haina shida."

"Sitaigusa mota."

Mwai akasimama. "Sasa utagusa nini?"

"Nitakaa tu."

Mwai alimtazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyepanda paa. Kisha akainua mabega. Nani mwingine angekubali kukaa karibu na feni ile? "Kaa," alisema. "Kaa na rafiki yako huyo wa ndani."

Wachuka akapindua kreti, akaliweka mbele ya mlango wa handaki la mwisho, akaketi.

Ghorofa ile hata mchana ina giza lake. Ukungu ulikuwa umelala kwenye vioo, taa zilikuwa za manjano, na harufu ya majani yanayonyauka ilikuwa tamu kama harufu ya maua ya kaburini siku ya pili. Feni nyingine zote zilikuwa zikivuma. Ile ya mwisho ilikuwa kimya. Ule ukimya wake ndio uliosikika kupita makelele yote.

Alitazama mlango mdogo wa chuma. Nyuma yake kulikuwa na mahali ambapo mtu mmoja alikuwa amekufa na mwingine karibu afe, na Wachuka alihisi kwamba mahali pale panamtazama pia.

Aogope nini? Alijua sauti ya Ngatia. Alikuwa amefanya naye kazi wiki zake za kwanza. Ngatia ndiye pekee ambaye hakumcheka. Alikuwa na kikohozi kifupi cha mvuta sigara, kimoja tu, kikavu, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Na leo asubuhi, akiwa ameshika tochi, kabla feni haijawaka, Wachuka naye alikisikia.

Hakumwambia mtu.

Chuoni, kule alikosomea biashara, alikuwa na mwalimu mmoja wa somo la wateja, mtu wa ajabu ajabu. Aliwapeleka wanafunzi dukani na kuwakataza kununua. Msiitazame sabuni, aliwaambia. Mtazameni anayeishika sabuni. Sabuni haina la kuwaambia. Darasa zima lilicheka, Wachuka akicheka kwa sauti kuliko wote. Leo hakuwa na kicheko. Mafundi wa Nairobi walikuwa wameitazama sabuni mpaka wakachoka. Hakuna hata mmoja aliyewatazama watu.

Basi akawatazama watu.

Aliona mambo. Aliona kwamba hakuna anayeipa mgongo feni ya mwisho. Akina mama walitandaza majani wakirudi kinyumenyume, ilimradi ile feni iwe mbele yao. Aliona kwamba mwenye toroli anapofika pale hunyamaza wimbo wake, kisha huuanza tena akishapita.

"Bikomu!" Anita alimwita kutoka mbali. Uoga ulikuwa umeanza kumtoka. "Unawatafutia mizimu wateja?"

"Kuja nikuuzie mmoja."

"Aa, mimi niko na wa kwetu anatosha. Mamangu mkwe."

Kicheko kikapita, kikakatika katikati, kwa sababu kilikuwa kimefika karibu mno na ule mlango.

Kisha ikaja chai ya alasiri.

Gikonyo wa jikoni alipanda na birika lake kubwa, chai ya maziwa, sukari ya kujaza kinywa. Kila mtu akachota kwa kikombe chake cha bati. Na kabla ya kunywa, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuja pale Wachuka alipoketi.

Gikonyo wa kwanza. Akainamisha kikombe kidogo, chai ikaanguka sakafuni mbele ya mlango wa handaki.

"Ya Ngatia," alisema kwa sauti ya chini, akaenda zake.

Kabura akafuata. "Ya Ngatia." Hakumtazama Wachuka usoni.

Anita akafuata, bila mzaha wowote. "Ya Ngatia."

Ilikuwa desturi yao tangu mazishi. Wazee wa zamani walimwagia waliotangulia pombe kidogo ardhini kabla ya kunywa. Kiwandani hakuna pombe, kuna chai. Ngatia alikuwa mpenda chai. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake, hakuna aliyetangaza, lakini kila zamu, kila mapumziko, Ngatia alipewa yake kwanza.

Wachuka alikuwa ameiona desturi hiyo mara nyingi mpaka macho yake yakaacha kuiona. Safari hii aliitazama. Aliacha kuwatazama watu, akaitazama chai yenyewe, akaona inakokwenda.

Saruji ya pale ina mteremko mdogo. Chai ilikusanyika, ikapata njia, ikaanza kutambaa polepole kama mnyoo wa rangi ya kahawia. Haikuingia handakini. Ilipinda kushoto, ikafuata ufa, ikafika chini ya mguu wa kitanda. Hapo palikuwa na kijiboksi cha chuma kilichofungwa sakafuni, kifuniko kimelegea skrubu moja. Chai ikaingia.

Na ukutani, juu ya kijiboksi kile, palikuwa na msafara wa sisimizi wakipanda na kushuka kama watu wa soko la Karatina.

Wachuka alipiga magoti. Akageuza skrubu kwa testa, akafunua.

Ndani mlikuwa na waya mbili, za kitufe cha kijani, zile zinazogusanishwa kidole kinapobonyeza. Plastiki yake ilikuwa imebabuka, shaba iko nje. Na kuzunguka shaba ile mlikuwa na kitu cheusi, kinanata, kinang'aa. Alikigusa kwa ukucha, akanusa.

Sukari. Sukari iliyoungua, tabaka juu ya tabaka. Na juu yake chai mbichi ya leo ikianza kulowesha.

Akarudisha kifuniko haraka. Chai ikijaa pale, waya zinaonana. Zikionana, kwa umeme ni sawa na kidole kwenye kitufe. Wala haitokei papo hapo. Chai inatambaa, inachuruzika, inalowesha. Watu wanakuwa wameshamaliza kunywa na kurudi kazini. Nani atakumbuka kikombe?

Yeye alikikumbuka kimoja.

Kwa sababu asubuhi ile, kabla ya Muriithi kuingia handakini, wa mwisho kumwaga chai alikuwa nani?

Alikuwa Wachuka mwenyewe. Ya Ngatia, alikuwa amesema, kisha akashika tochi.

Honi ikalia langoni. Gari la meneja lilikuwa limerudi.

Munene alipanda ghorofani na koti lake la mkutano, kalamu mbili mfukoni. Ni mtu mnene kidogo, mpole wa sauti, ambaye hujawahi kumsikia akigombana na mtu, na ambaye kila mtu anamwogopa. Mwai alikuwa nyuma yake, ameshammwagia habari yote.

"Binti," Munene alisema, "nimeambiwa umekaa hapa siku yote kwa kreti. Umepata nini?"

Wachuka alifungua mdomo aeleze. Akaufunga. Somo jingine la chuoni lilikuwa limemgonga kichwani. Mteja ambaye ameshakataa, usimweleze kitu. Mwonyeshe.

"Meneja, naomba kila mtu asimame kule mbali. Na mzee Mwai akae kando yangu, anishike mikono yote miwili. Halafu mtu amwagie Ngatia chai."

Mnong'ono ukapita kama upepo kwenye majani.

"Hiyo ni nini sasa?" Mwai alifoka. "Meneja, huyu msichana anacheza na wafu mbele yako!"

"Mshike mikono," Munene alisema.

Mwai akamshika. Viganja vyake vilikuwa vya baridi na vimelowa jasho. Wachuka alishangaa kidogo. Mzee huyu anaogopa nini?

"Kabura, mwaga," Munene aliagiza.

"Mimi? Haki meneja, nisamehe. Mimi siwezi mwagia mtu chai ya maonyesho."

"Mimi nitamwaga," Anita alisema. Alichukua birika zima kutoka kwa Gikonyo, akaenda mpaka kwenye mlango, akamimina bila ubahili. "Ya Ngatia," alisema, akatoka hapo mbio.

Wakangoja.

Chai ikatambaa. Ikapinda. Ikaingia.

Kimya.

Wakangoja tena. Mtu mmoja akakohoa nyuma, wenzake wakamgeukia kwa hasira. Feni ya mwisho ilikuwa imelala kama jiwe. Gikonyo akaguna. "Chai yangu yote imeisha hivyo."

Munene aliangalia saa yake. "Binti, nimekupa nafasi. Hakuna mtu atasema sikukupa. Chukua vitu zako, uende nyumbani, tutakuita."

Sote tunajua maana ya tutakuita.

"Meneja, ngoja kidogo..."

"Mwai, mwache mikono. Mpeleke langoni."

Mwai akalegeza vidole.

Na hapo, ndani ya handaki, mtu akakohoa.

Kikohozi kimoja. Kifupi, kikavu, kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Ghorofa nzima ilikisikia. Kabura alitoa ukelele na kuanguka juu ya majani. Mwai alimkamata Wachuka tena mikono, safari hii kwa nguvu ya mtu anayezama.

Kisha feni ikanguruma. Mlango wa chuma ukatetemeka, upepo ukalipuka chini ya kitanda, majani yakaruka juu kama kundi la ndege.

Hakukuwa na mtu karibu na kitufe.

"Bonyeza nyekundu!" Wachuka alipiga kelele. "Anita, nyekundu!"

Anita akabonyeza. Feni ikazama, ikazama, ikanyamaza.

Wachuka akawaeleza sasa, kwa sauti ya kupasuka. Aliwaonyesha kijiboksi, waya, sukari, sisimizi. "Hicho mmesikia ni sumaku ya swichi. Maji yakiwa kidogo, inajaribu kushika, inaachilia. Halafu inashika kabisa."

"Sumaku inakohoa kama Ngatia?" Kabura aliuliza kutoka kwenye majani.

"Ndio hivyo, mama."

"Kama Ngatia kabisa?"

"Mimi najua chai," Wachuka alisema. "Na hii chai tulimwaga sisi wote. Mimi pia. Leo asubuhi wa mwisho kumwaga nilikuwa mimi. Sikubonyeza kitu, mzee Mwai. Lakini mkono wangu ulikuwa ndani."

Mmoja wao angeweza kukasirika. Badala yake Gikonyo akaanza kupiga makofi, polepole, na wengine wakafuata. "Bikomu!" Anita alipaza sauti. "Mafundi wa Nairobi walikuja na gari mzima, na Bikomu amemaliza na kreti!"

Munene alitabasamu. Alikuwa mtu aliyetuliwa mzigo. "Kwa nini Muriithi hakuzima umeme kwa swichi kuu ya chini kabla ya kuingia?" aliuliza, kwa upole tu.

"Kwa sababu ukizima chini, safu yote ya feni inakufa."

Sauti ilitoka kwenye ngazi. Alikuwa Muriithi, bega limefungwa bandeji, amekataa kulala kliniki. "Majani yanashika moto, na fundi ndiye anatukanwa. Hapa tunabonyeza nyekundu tunaingia. Ngatia alifanya hivyo, mimi nimefanya hivyo. Meneja, hiyo unajua."

"Tutaibadilisha," Munene alisema. "Maneno yameisha. Turudi kazini."

"Hayajaisha." Muriithi alitembea mpaka katikati yao. "Bikomu, umeniokoa, na jina lako limesafishika. Mimi nafurahi. Lakini nikuulize kitu moja. Hii chai tulianza kumwaga lini?"

"Baada ya mazishi."

"Mazishi ya nani?"

Akaugeukia mlango wa handaki. Nao wakaugeukia.

Siku Ngatia alipoingia handakini, hakukuwa na desturi. Hakukuwa na chai sakafuni, wala sukari kwenye waya. Mafundi walisema mota ni nzima. Basi siku ile, kitufe cha kijani kilibonyezwa kwa kidole.

Kidole cha mtu. Mtu wa zamu hiyo.

Watu waliokuwa wakipiga makofi walijikuta wamesogeleana, kisha wakatengana. Kila mmoja alitazama mikono ya mwenzake. Asubuhi walikuwa wanamwogopa maiti. Sasa walikuwa wanaogopana, na hofu ya kwanza ilikuwa tamu kuliko hii. Mzimu ulikuwa umewabebea lawama kwa miezi, na Wachuka alikuwa ameuua mbele ya macho yao.

Wachuka alisikia kichwa chake kikiendelea kufanya kazi, hata alipotaka kisimame. Kila mtindo unaoenea una mnunuzi wa kwanza. Watu hawaanzi pamoja. Mmoja anaanza, wa pili anaona.

"Mama Kabura," aliuliza taratibu, "wewe kumwaga ulijifunza kwa nani?"

"Mimi? Nilimwona Gikonyo."

"Gikonyo?"

Gikonyo alikuwa amekumbatia birika tupu. "Mimi nilikuwa napandisha chai, hata matanga haijaisha. Nikapata mtu hapa peke yake. Amepiga magoti. Anamwaga kikombe yote, analia. Nikaona huyo akimwaga, mimi ni nani nisimwage?"

"Ulimwona nani?"

Gikonyo aligeuza macho, na macho yote yakafuata yake.

Mwai alikuwa bado ameshika mkono mmoja wa Wachuka. Mzee wa kanisa. Yule aliyekataza mizimu. Aliangalia vidole vyake mwenyewe kama vya mtu mwingine, akaviachilia kimoja kimoja.

"Kila mtu kazini!" Munene alisema. Kwa mara ya kwanza sauti ile ya upole ilikuwa imepanda. "Sasa hivi! Binti, kuja ofisini."

Ofisi ya Munene ina zulia, na dirisha la kutazama mashamba mpaka chini Wamagana. Alimkaribisha Wachuka kiti. Akamimina maji kwenye glasi, akamsogezea.

"Uko na digrii ya biashara," alisema, "na nimekuweka kushika tochi. Hiyo ni aibu yangu, si yako. Tuko na nafasi ya afisa wa masoko. Utakuwa unaenda mnada Mombasa, unakutana na wanunuzi. Meza yako, gari ya kiwanda. Unaanza Jumatatu."

Nafasi ile Wachuka aliiomba alipomaliza digrii. Walikuwa hawakujibu hata barua.

"Asante, meneja. Na Mwai?"

"Mwai amechoka, tutampumzisha. Ngatia amelala, tumwache alale. Wewe umepata shida ya feni, ni chai. Nikiulizwa, nitasema ni chai. Na wewe ukiulizwa?"

Maji kwenye glasi yalikuwa yakitetemeka kwa mvumo wa mashine za chini. Wachuka aliyatazama. Alikuwa amesoma miaka minne juu ya watu wanaonunua. Alijua jambo moja bila kufungua kitabu. Hakuna mtu anayetoa bei kubwa namna hii kwa kitu asichokihitaji. Munene alikuwa ananunua ukimya. Na kama aliununua mapema hivi, kabla hata Mwai hajasema neno, basi alishajua Mwai atasema nini.

"Meneja," aliuliza, "siku Ngatia alikufa, wewe ulikuwa wapi?"

Mlango ulifunguka bila kubishwa.

Mwai aliingia. Alikuwa amevua koti la usimamizi, amelikunja vizuri kama la marehemu. Aliliweka juu ya meza ya Munene, karibu na glasi.

"Nilibonyeza mimi," alimwambia Wachuka. Alisema hivyo bila kulia. "Nilijua ameingia, sikumwona akitoka, nikabonyeza. Niliambiwa ameshatoka. Niliambiwa majani yanaungua, lori zimejaa uwanjani, washa, Ngatia ameshatoka. Nikauliza mara mbili. Nikaambiwa nimeonekana mzembe, niwashe." Akamgeukia Munene. "Mwambie ni nani alinipigia simu."

Munene hakumtazama kabisa. Alirudisha kalamu moja mfukoni, akairekebisha, akamtazama binti aliyeketi mbele yake.

"Wachuka," alisema kwa upole, "umesikia nini?"

Wachuka akaisukuma glasi kando, akasimama.

"Bado sijasikia, meneja," alisema. "Nangoja jina."

Na Mwai akafungua mdomo.